Tunasimama na Povu

Jumanne, 4 Machi

Dada,

Najua hupendi barua zinazoanza na salamu ndefu, kwa hiyo sote hatujambo, wifi yako anakusalimu, na sasa tuingie kwenye shida.

Kaka Povu amesimamishwa kazi. Unamkumbuka: mpishi wa sabuni, yule aliyenipokea hapa kiwandani nikiwa sijui hata kushika mwiko, akanifundisha kila kitu, mpaka kuonja sabuni changa kwa ncha ya ulimi ili kujua kama magadi yamezidi. Jina la Povu tulimpa sisi vijana wake, maana hasira yake hupanda ghafla mpaka ukingoni, kisha hushuka yenyewe kabla hujapuliza.

Safari hii haikuwahi kushuka. Koki ya bomba la mvuke inavuja wiki ya pili sasa. Alisema, akasema tena, wakamwambia fundi anakuja. Jumamosi akakataa kuwasha tanki. Msimamizi akaja mwenyewe kuifungua ile koki, Povu akaushika mkono wake akauondoa pale. Hakumpiga, dada. Tulikuwepo, tuliona. Lakini msimamizi ameandika kwamba amepigwa mbele ya watu.

Wenye kiwanda wanakuja Jumatatu kusikiliza kesi, na Kiswahili hawajui hata cha kuombea maji ya kunywa. Tumekubaliana tuwaandikie barua kwamba sisi sote tunasimama na Povu mpaka mwisho. Kalamu nimepewa mimi, eti kwa sababu dada yangu anatunga kamusi. Nimewaambia kamusi haiambukizi. Wamecheka sana, lakini kalamu hawakuichukua.

Nisaidie basi. Kusimama ni "stand", hilo nalijua tangu shule, maana mwalimu wa Kiingereza aliniambia kila siku. Kinachonishinda ni ile "na". Ziko kama utitiri. Ipi ndiyo ya kusimama na mtu? Inakaa mbele au nyuma? Imeshikana na mwenzake au imeachana naye? Dereva wa lori letu la sabuni atakuletea barua hii na atasubiri jibu. Barua yetu inatakiwa ofisini Ijumaa.

Mdogo wako


Jumatano, 5 Machi

Mdogo wangu,

Huyo dereva wako hasubiri, anapiga honi. Bawabu amepanda ngazi kuniambia niharakishe, mhariri mkuu amesimama nyuma yangu anataka kadi za S zote leo, na hiyo "stand" yako unayoijua tangu shule imetuweka mezani tangu mwezi uliopita.

"Na" unayoitaka ni "with". Andika kwa ufupi, wakubwa hawafiki aya ya pili. Mpe Kaka Povu pole zangu. Na upige shati pasi hiyo Jumatatu, usinitie aibu.

Dada yako


Ijumaa, 7 Machi

Dada,

Kazi imekwisha, na imekwisha vizuri. Leo naomba nijisifu kidogo, maana hapa wananiita Profesa na sijawakataza.

Nilipopata "with" yako nikakaa nayo pembeni ya stoo, nikafikiri. Nikakumbuka "understand". Nikakumbuka na "outstanding", ile waliyokuwa wakiiandika kwenye ripoti yako ya shule na hawakuwahi kuiandika kwenye yangu. Nikaona kumbe Kiingereza kinapenda kile kipande kidogo kitangulie, kisha vishikane. Na wewe ulisema kwa ufupi. Lakini sikutaka kubahatisha. Karani wa stoo ana kijitabu cha tahajia, kile chenye maneno matupu bila maana zake. Nikapekua mpaka mwisho mwisho kule, nikalikuta limekaa linanisubiri! Nusura nimkumbatie karani.

Nimeandika hivi: "We all withstand our brother the soap cook to the very end." Sentensi moja, kama ulivyoniagiza. Chini yake tumetia sahihi wote, na wasiojua kuandika wameweka dole gumba.

Povu mwenyewe alikuja getini, maana ndani haruhusiwi, akaniomba nimsomee. Nikamsomea Kiingereza kwanza ili aone mambo, kisha nikamgeuzia: sisi sote tunasimama na ndugu yetu mpishi wa sabuni mpaka mwisho kabisa. Akanishika bega. Hajawahi kunishika bega isipokuwa kunisogeza nisiungue. Kisha nikaipeleka ofisini kwa mikono yangu. Lori linaondoka kesho alfajiri, ndiyo maana nimekuandikia leo hii.

Mdogo wako, Profesa


Jumamosi, 8 Machi

Mdogo wangu,

Usimalize kusoma. Nenda ofisini ukaichukue hiyo barua. Sema imekosewa tarehe, sema imemwagikiwa wino, sema lolote litakalokuja mdomoni, lakini uitoe kule.

"Withstand" si kusimama pamoja na mtu. Ni kusimama kumpinga, kumkabili na kukataa kusogea. Mmewaandikia wenye kiwanda kwamba nyote mnampinga ndugu yenu mpishi wa sabuni mpaka mwisho kabisa. Nimepiga simu kiwandani tangu lori liliponiachia barua yako, inaita tu, Jumamosi mchana hakuna mtu. Dereva alikwisha geuza. Nampa barua hii kondakta wa basi, nimemsihi kama mwendawazimu.

Kama umekwisha ichukua na umekaa kitako, haya ndiyo maelezo, nimeyatoa kwenye masanduku ya W ambayo hatujayafikia. Zamani sana hiyo "with" ya Waingereza haikuwa na maana ya pamoja. Ilikuwa dhidi ya. Neno lao la pamoja lilikuwa "mid", nalo lilikufa, likabaki limejificha kwenye jina la mkunga, "midwife", yaani aliye pamoja na mwanamke. "With" ikahama upande polepole. Nadhani ilipitia njia ya ugomvi, kwa sababu anayepigana na mtu yuko dhidi yake na bado yuko naye, hawaachani mpaka mmoja aanguke. Yenyewe ikahamia kwenye urafiki, na maneno machache yaliyokuwa yamekwisha shikamana nayo yakabaki na uadui wa zamani. "Withstand" ni mojawapo.

Wala tusiwacheke. Sisi tunasema Povu amekula na msimamizi, halafu tunasema Povu amegombana na msimamizi, kwa "na" ileile, wala hatushtuki. Ungeniuliza kwa Kiswahili hiyo "na" ina maana gani, ningejikuna kichwa.

Lakini uliniuliza kwa Kiingereza, na uliniuliza mambo matatu. Nilikujibu moja. Mbele au nyuma, imeshikana au imeachana, uliyauliza yote kwa akili kabisa, nami niliyaruka kwa sababu ya honi. Miaka yote hii nalipwa kwa ajili ya kutojibu neno nusunusu. Najichukia leo. Ichukue barua, mdogo wangu.

Dada yako


Jumatano, 12 Machi

Dada,

Basi lilifika jana. Kesi ilikuwa juzi.

Tulikusanywa uani, karibu na masanduku ya kupakilia. Mwenye kiwanda, yule mkubwa, akaitoa barua yetu kwenye bahasha, akaisoma, akainua nyusi, akampa msimamizi atafsiri. Msimamizi akasoma kwa raha zake: "Wenzako wote wanakupinga mpaka mwisho kabisa." Mimi nikadhani anatafsiri uongo kwa makusudi. Watu wakaanza kelele, huku na huku, sikupata nafasi ya kusema lolote. Mambo yalikwenda haraka mno.

Povu amefukuzwa. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya sanduku, akaondoka bila kumuaga mtu. Nimekwenda kwake mara mbili. Mkewe anatoka mlangoni anasema amelala. Ni mchana, dada, na Povu hajawahi kulala mchana tangu nimjue.

Nilipoipata barua yako nilikaa chini kwenye magunia nikashindwa kuinuka. Naomba uniandikie sasa barua ya Kiingereza iliyo sawasawa, inayoeleza kosa lote, niipeleke ofisini. Siku hizi wamekuwa wema kwangu kidogo, nafikiri watanisikiliza.

Usijilaumu. Ni mimi niliyejiita Profesa.

Mdogo wako


Ijumaa, 14 Machi

Mdogo wangu,

Barua hii hapa ndani. Usibadilishe hata nukta. Nimeeleza ulitaka kusema nini, umekosea wapi, na nani alikujibu vibaya. Weka sahihi yako chini ya yangu. Wenye kiwanda, kwa ninavyosikia, wako hapo mpaka baada ya Pasaka, kwa hiyo muda upo, lakini usiuchezee.

Nimemwandikia Kaka Povu pia. Nimemweleza habari ya "with" na kuhama kwake, labda kwa urefu kupita kiasi, unajua nilivyo nikianza. Nataka tu ajue kwamba mikono yenu wote iliyotia sahihi ilikuwa upande wake.

Wema gani huo wa ofisini? Hukunieleza.

Dada yako


Jumapili, 30 Machi

Dada wa kijana,

Marahaba. Samahani kwa kukawia, mimi si mtu wa kalamu.

Barua yako nimeisoma, mke wangu naye ameisoma, na tumeelewa habari ya Waingereza na "na" yao. Mke wangu amecheka pale kwenye mkunga. Nakushukuru kwa kunipa heshima ya kunifafanulia, maana hapa hakuna aliyenipa. Na lile neno sina ugomvi nalo. Kiingereza sikijui. Ningeandika mimi, ningeandika baya zaidi.

Lakini kwa kuwa wewe umeniandikia wazi, nami nikueleze jambo ambalo naona hukuelezwa. Siku ile hapakuwa na kelele. Msimamizi alipomaliza kusoma palikuwa kimya, tanki lilikuwa limezimwa, ungesikia mtu akimeza mate. Mwenye kiwanda akauliza nani ameandika. Watu wote wakamtazama mdogo wako. Msimamizi akamwuliza kwa Kiswahili kabisa, "Ndivyo mlivyoandika?" Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. Nikamtazama, nikangoja. "Sivyo" tu ingetosha. Aliangalia viatu vyake, akatikisa kichwa kidogo, na mpaka leo sijui kama alikubali au alikataa. Msimamizi akasema, "Haya, amekubali."

Aliogopa. Namjua, na kuogopa nakujua. Ningemwelewa siku hiyo, na ya pili yake pia. Lakini aproni yangu anaivaa yeye. Walimvisha wiki ileile, yeye ndiye mpishi sasa. Na ile barua yako ya Kiingereza alikuja kunionyesha, akaniambia anaipeleka kesho. Karatasi ilikuwa safi, haina mkunjo. Hiyo kesho bado sijaiona.

Sikuandikii ili ufanye chochote. Yule ni ndugu yako. Kuna kitu kimoja tu nataka umwambie kwa sababu mimi hanipi nafasi ya kuongea, anakuja anaanza kulia. Mwambie ile koki bado inavuja, na mvuke unatokea upande wa kushoto. Yeye anatumia mkono wa kushoto. Asimame upande wa pili.

Mimi, aliyekuwa mpishi


Jumatano, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Povu amenijibu. Sasa najua wema wa ofisini ni upi, na najua kelele za siku ile zilikuwa kubwa kiasi gani.

Nilikaa na barua yake mezani asubuhi nzima, mhariri mkuu akiniuliza kama naumwa. Nimekuwa nikijilaumu kwa lile jibu langu la haraka mpaka nikapungua mwili, na wewe ukaniacha nijilaumu. Ukaniandikia "usijilaumu" ukiwa umevaa aproni yake. Mimi nilikuwa na honi mlangoni. Wewe ulikuwa na nini wiki zote hizi?

Usinijibu, najua. Wifi yangu ameniandikia mmehamia vyumba viwili vya mpishi, vyenye mapazia ya kijani, nami mpumbavu nikampongeza. Najua ninachokwenda kukuondolea, na sitajifanya sijui.

Nimeiandika upya ile barua kwa jina langu peke yangu, na leo nimewatumia wenye kiwanda moja kwa moja. Nimewaeleza neno lilivyokosewa. Nimewaambia mwandishi yupo hapo hapo, wamwite uani mbele ya wenzake wamwulize. Kwa hiyo watakuuliza, mdogo wangu, na safari hii jibu kwa mdomo, kichwa kiache kitulie.

Tangu mama afariki sijawahi kwenda kinyume chako, hata ulipokuwa umekosa. Nilikuwa nakufichia, nakulipia makosa, nakuandikia barua. Leo nimesimama na wewe kwa maana ya zamani. Imeniuma kuliko ninavyoweza kuandika. Nililia ofisini, nikasema ni vumbi la kadi.

Povu anasema ile koki bado inavuja, na mvuke unatokea kushoto. Simama upande wa pili. Haya ni maneno yake, niliambiwa nikufikishie.

Dada yako


Jumapili, 20 Aprili

Dada,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu siku kumi nilikuwa nakuchukia, na siku zilizofuata nilikuwa naona haya.

Walituita uani Jumatano iliyopita. Mkubwa alikuwa na barua yako mkononi. Msimamizi akatafsiri, safari hii bila raha yoyote, kisha mkubwa akaninyooshea kidole na swali likaja: hii ni kweli, au dada yako anakutetea? Nikaona vinywa vyote vimefungwa vinaningoja. Nikasema ni kweli. Nikasema barua ile ilikuwa ya kusimama na Povu, hakuna hata mmoja wetu aliyempinga. Nikasema mkono wa msimamizi haukupigwa, uliondolewa. Halafu nikasema ambalo wewe hukuliandika: kwamba siku ile niliulizwa nikanyamaza kwa woga, na nikaendelea kunyamaza kwa ajili ya aproni. Nilisema kwa sauti mpaka wakata miche ya sabuni wakatoka nje kutazama. Hakuna aliyenipongeza. Mmoja alianza kupiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Wakubwa waliingia ndani, wakatoka na karatasi. Kufukuzwa kwa Povu kumefutwa, arudi kwenye tanki lake. Koki ibadilishwe kabla hajarudi. Mimi nimerudishwa kugonga muhuri kwenye miche, pale nilipoanzia. Wifi yako ameshusha mapazia na haongei nami, ananiwekea chakula na kwenda kukaa nje. Nastahili, wala sikuandikii ili unionee huruma.

Nikaomba nimpelekee mimi ile karatasi. Walinikubalia. Dada, nilikimbia. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema, nikianza hivi nikibadilisha, mpaka mtu mmoja barabarani akaniuliza naongea na nani.

Mlango wa Povu ulikuwa wazi. Nikapiga hodi, nikaingia. Chumba kimefagiwa. Hakuna kitanda wala kiti, kuna msumari tu ukutani alipokuwa akitundika kofia. Mama wa chumba cha pili alikuwa anafua mlangoni kwake. Akaniambia wamehama tangu Jumapili iliyotangulia, yeye na mkewe na vitu vyao vyote. Kuna mahali mbali wanatafuta mpishi wa sabuni, hakumbuki jina, alisikia tu ni mbali. Akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema nilikuwa nafanya naye kazi.

Karatasi ninayo. Ofisi wamesema nafasi yake watamwekea mpaka mwisho wa mwezi, kisha watatafuta mwingine. Nimeuliza madereva wote wa malori, nimeuliza posta. Kama alikuandikia popote, kama kuna muhuri wa mji wowote kwenye bahasha, niambie, nitakwenda kwa miguu yangu.

Siku ile nilisimama pale mlangoni muda mrefu, mama yule akiendelea kufua. Mwisho nikamwuliza kama Kaka Povu aliacha neno lolote, kwa mtu yeyote atakayekuja kumtafuta. Alifikiri kweli, dada, hakunijibu ili nimwondokee. Akaweka nguo chini, akajifuta povu mikononi, akafikiri tena.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Kwani alikuwa na mtu wa kumngoja?"

Mdogo wako